Umeuza Gari la Nyumbani na Sasa Unajuta: Lile Lile, la Aina Ile, au Uliache?

Siku gari letu lilipoondoka, mnunuzi alishindwa kuingiza gia ya nyuma. Lilikuwa Peugeot 504 ya safu tatu za viti, gia zake zikiwa kwenye shina la usukani, na gia ya nyuma ilikuwa na adabu yake: ukiilazimisha inakwaruza na kulia, ukikanyaga klachi hadi chini na kungoja pumzi moja, inaingia yenyewe. Nilimtazama akihangaika mara tatu, nikashindwa kuvumilia, nikaenda dirishani kumwelekeza. Likarudi nyuma, likageuka, likatoka getini. Mama hakutoka ndani kulitazama.

Usiku ule ule nilijua nimekosea. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, gari lilikuwa limesimama tu, na sote nyumbani tuliona ni busara kuliuza. Ilikuwa busara kwa hesabu. Miaka sita imepita, na ndani yake nimepita njia zote tatu anazoweza kupita mtu aliyeuza gari la kwao na kujuta. Nilinunua jingine la aina ile. Nikalitafuta lile lenyewe mpaka nikaligusa kwa mkono. Mwishowe nikaliacha lilipo. Naziweka njia hizi bega kwa bega kwa sababu kila moja inatibu kidonda chake, na mimi nilianza kwa kujipaka dawa ya kidonda nisichokuwa nacho.

Unalilia nini hasa?

Tunaposema "nalikumbuka gari letu", huwa tumefunga mambo matatu katika fundo moja. Kabla hujatoa fedha yoyote, lifungue.

Kuna anayelilia gari lenyewe, chuma kile na si kingine. Huyu anakumbuka bonyeo la mlango wa kushoto lililopigwa na baiskeli, tundu dogo la kiti lililoungua, mpini wa kioo cha dirisha uliotolewa kwenye gari la aina nyingine kwa sababu wake ulivunjika na haukupatikana tena. Kuna anayelilia aina: uzito wa usukani gari likiwa limesimama, viti laini vinavyokukumbatia kiuno, springi ndefu zinazopita juu ya mashimo kama hazijayaona, sauti ya injini inapoanza kupanda mlima. Na kuna anayelilia watu waliokuwa ndani. Huyu akifumba macho halioni gari kwa nje hata kidogo. Yuko kiti cha nyuma kabisa, anaona kisogo cha baba yake, mkono wa mama unapitisha kitu nyuma bila yeye kugeuka, na mwanga wa magari yanayokuja unatambaa kwenye dari.

Fumba macho kweli uone unajikuta wapi. Ukijikuta nje unalitazama, wewe ni wa kwanza. Ukijikuta umeshika usukani, ni wa pili. Ukijikuta abiria, na hasa ukijikuta mtoto, ni wa tatu, na nakuomba usinunue chochote kwa sasa. Mimi nilikuwa wa tatu nikajihesabu wa pili.

Lipi halingoji na lipi linangoja

Thomas Gilovich na Victoria Husted Medvec, watafiti wa saikolojia wa Marekani, waliandika mwaka 1994 juu ya namna majuto yanavyobadilika kadiri muda unavyokwenda. Kwa muda mfupi mtu huumizwa zaidi na alichokifanya. Akiyatazama maisha yake kwa urefu, huumizwa zaidi na ambacho hakukifanya. Nilipoyasoma hayo nililiona kosa langu lote. Kuuza gari ni jambo ulilolifanya, kwa hiyo moto wa miezi ya kwanza utakuwa mkali kisha utapoa wenyewe hata usipoinua kidole. Kutolitafuta ni jambo ambalo hukulifanya, na hilo ndilo huja kukuamsha miaka kumi baadaye.

Ukiyachukua hivyo, njia hizi zinaachana mapema. Kununua la aina ile kunaweza kungoja. Mwaka mmoja hauondoi magari sokoni, na moyo uliotulia hununua vizuri zaidi. Kulitafuta lile lile hakungoji, kwa sababu kila likibadilisha mikono nyayo zinafutika, na gari zee liko mgongano mmoja tu mbali na kukatwakatwa kwa ajili ya vyuma. Basi katika miezi ile ya moto fanya upande wa bei nafuu wa kutafuta: kusanya karatasi, mpigie uliyemwuzia, mwombe akitaka kuliuza akuambie kwanza. Mkoba uache umefungwa.

Nilifanya kinyume chake. Mwezi wa nane baada ya kuuza nilikuwa nimeshanunua 504 nyingine, na aliyekuwa mnunuzi wa kwanza wa letu sikuwa nimempigia simu hata mara moja.

Kulipata

Lile lile lina kitambulisho kimoja cha kutegemea, nacho ni namba ya chasisi. Namba ya usajili huweza kubadilishwa, rangi hubadilishwa, injini hutolewa ikatiwa nyingine. Magari yaliyotengenezwa tangu miaka ya mwanzo ya 1980 kwa kawaida yana namba ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ya zamani zaidi yana namba fupi, kila kiwanda na mpangilio wake. Kama hukuinakili kabla ya kuuza, usikate tamaa: ipo kwenye nakala ya kadi ya gari, kwenye karatasi za bima, pengine kwenye risiti ya fundi aliyeagiza spea. Yetu niliikuta kwenye karatasi ya bima iliyotumika kama alama ndani ya kitabu cha Baba.

Anzia kwa uliyemwuzia, kisha kwa yule aliyeuziwa naye, na kuendelea. Letu lilikuwa limefika mkono wa nne. Jambo lililonifungulia milango ni kusema mapema kwamba sidai kitu. Mtu akipigiwa simu na mgeni anayeuliza habari za gari lake, wazo la kwanza ni kwamba kuna mgogoro wa umiliki, na anafunga mdomo. Kwa hiyo sentensi yangu ya kwanza ilikuwa: gari ni lako, mimi nataka tu kujua liko hai. Na mafundi ni bora kuliko karatasi. Fundi anayeshika magari ya kisasa kila siku hawezi kulisahau gari la miaka hamsini lililoingia gereji kwake.

La aina ile ni suala la hesabu, ila hesabu yenyewe inadanganya. Volkswagen Beetle ya zamani ilitengenezwa mara 21,529,464 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Peugeot 504 iliyoanza mwaka 1968 ilizidi milioni 3. Ukisikia hivyo unadhani yamejaa. Lakini zilizotunzwa ni zile za milango miwili na za kufunguka paa, magari ya kujionyesha. Yale ya nyumbani, yenye safu tatu na keria juu, yalifanyishwa kazi mpaka yakaanguka. Kilichobaki kwa wingi ni kile ambacho familia haikuwa nacho. Nilizunguka miezi mitano kupata ya safu tatu, na niliyoipata niliichukua kwa uchovu kuliko kwa kuichagua.

Kutu, na macho yanayotazama

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo fedha za watu zinapozama.

Kwa njia zote mbili za kununua, swali la kwanza lisiwe injini. Injini ya gari la zamani hufunguliwa, ikatiwa ringi na beringi mpya, ikafungwa, na fundi anaweza kukukadiria gharama kabla hajaanza. Kutu ya bodi haikadiriki. Unaanza na sehemu ya ukubwa wa kiganja, ukiikwangua inakuwa ya ukubwa wa sinia, na ukikata chuma kibovu ili uchomelee kipya, hukuti chuma kizima cha kushikia.

Tazama vizingiti vya milango kwa chini, chini ya mazulia ya mbele, ndani ya mapango ya matairi, chini ya betri, na pembe za chini za kioo cha mbele. Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye bodi ya chuma. Pale inapoacha kushika, chini ya rangi kuna puti, ule ujazo laini wa mafundi usio chuma. Magari kama 504 hayana fremu tofauti chini. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kizingiti kilichooza ni mfupa uliooza. Land Rover za zamani huwadanganya watu kwa namna nyingine: bodi yake ni ya alumini, inang'aa bila doa la kutu, kumbe fremu ya chuma iliyo chini yake inaliwa kwa ndani. Gonga fremu kwa nyundo ndogo usikilize. Chuma kizima hulia, kibovu hujibu kama boksi la karatasi.

La aina ile nililonunua lilikuwa linang'aa. Nilikaa kwenye usukani, nikauvuta mkono wa gia, nikasikia mlio ule ule, macho yakajaa machozi, nikatoa fedha. Wiki mbili baadaye fundi alilivua zulia la upande wa dereva. Chini yake kulikuwa na zulia la pili, jipya, lililobandikwa kwa gundi. Akachukua bisibisi, akaiweka juu ya sakafu bila hata kuigonga, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia hadi mpini. Nilipoinama kuchungulia chini ya gari niliiona ncha yake imetokeza upande wa pili.

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili iko hapo. La aina ile hulijui historia yake hata kidogo, lakini una uhuru wa kusema hapana na kuondoka. Ni uhuru wenye thamani kubwa, na mimi niliutupa kwa sababu ya mlio wa gia. Lile lile unaijua historia yake mpaka siku ya kuuza: unajua redieta ilibadilishwa lini, ni mlango gani ulinyooshwa, ni wapi maji yanaingia mvua ikinyesha. Lakini uhuru wa kusema hapana huna. Ukishaliona, kila tundu la kutu utalitafutia udhuru. Kwa hiyo lile lile usilikague mwenyewe. Mtume fundi asiyelijua na asiyejua habari zako, akuletee ripoti kwa maandishi, uisome ukiwa nyumbani.

Kama gari limelala muda mrefu, lolote kati ya hayo mawili, hesabu pia vitu visivyoonekana. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 3508 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2008, na tairi la umri huo halifai barabarani hata kama meno yake ni mapya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya huchemka mapema ukishuka mlima mrefu. Petroli iliyokaa hugeuka utomvu ndani ya kabureta. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli hulainisha mipira ya mafuta ya kizamani, na mpira unaovuja juu ya injini ya moto ni gari kuungua. Tena zipo injini zilizotengenezwa kwa petroli ya risasi, ambayo iliacha kuuzwa kwa magari duniani kote mwaka 2021. Baadhi yake viti vya valvu, pale valvu zinapokaa zikijifunga, huliwa taratibu kwa petroli isiyo na risasi, mpaka vitiwe vigumu zaidi. Hayo yote yanatengenezeka. Yaingize kwenye bei kabla hujapeana mkono na mwenye gari.

Usalama

Sina mengi hapa. Mkanda wa kiti unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, lakini magari mengi ya nyumbani ya miaka iliyofuata hayakuwa na mkanda wowote nyuma. Tulibebwa hivyo tukiwa watoto. Kama nia yako ni kuwabebea wanao kila siku kama ulivyobebwa wewe, njia zote mbili za kununua zinashindwa, na gari zee libaki la safari chache za mwendo wa pole, likiwa limefungwa mikanda kwenye sehemu imara za bodi.

Bei, na mtu aliye upande wa pili

Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha mwaka 1990 majaribio yaliyokuja kujulikana sana. Waliwagawia baadhi ya wanafunzi vikombe vya kawaida, wengine hawakupewa. Waliopewa, walipotakiwa kuviuza, walitaka takriban mara mbili ya kile ambacho wasiokuwa navyo walikuwa tayari kulipa. Kikombe cha dakika chache tu mkononi.

Sasa mfikirie aliye na gari lenu miaka mitatu. Limeshakuwa lake, kwa moyo pia. Ameshalitengeneza mara mbili, ameshamlaza mwanawe kwenye kiti cha nyuma. Na wewe unafika ukiwa umelilia miaka hiyo yote. Bei itakayotoka kati ya watu hao wawili haitafanana na bei ya soko, na usishangae ukitajiwa kiasi kikubwa kuliko ulichouzia. Wapo wanaoshauri ufiche kwamba lilikuwa lenu ili usipandishiwe bei. Siafiki. Ukificha unapoteza kitu pekee ulichonacho ambacho mnunuzi mwingine hana, yaani haki ya kuomba na kusikilizwa kama mtu wa gari lile. Mweleze ukweli wote, ila usitaje bei siku hiyo hiyo, na usiende na fedha mfukoni.

Kwa la aina ile hakuna hayo. Muuzaji ni muuzaji, wewe ni mnunuzi, na magari ni zaidi ya moja. Kwa upande wa fedha njia hii inaishinda ile nyingine waziwazi, almuradi ukague kwa macho makavu. Kuliacha hakuna bei, ingawa si bure, kama nitakavyosema.

Siku Mama alipopanda

Gari la pili lilipotoka gereji, likiwa na sakafu mpya, nilikwenda kumchukua Mama. Alivaa vizuri. Alizunguka gari mara moja, akafungua mlango wa mbele, akakaa pale alipokaa siku zote, akafunga mlango, na mlango ulilia sawasawa na ule wa zamani. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, anavuta hewa kwa pua.

"Mwanangu," akasema, "hili ni zuri. Lakini halina mtu."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima. Lakini alikuwa ametaja jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulirekebisha. Gari la miaka mingi lina harufu yake: sponji ya viti iliyonyonya jasho na mvua, vumbi la ndani ya matundu ya hewa, mafuta ya nywele kwenye kichwa cha kiti. Kwa aliyelilia aina, harufu ngeni si kitu, baada ya miezi miwili inakuwa yake. Kwa aliyelilia watu, harufu ngeni ni mlango uliofungwa usoni. Nilikaa na gari lile miezi kumi na nne, nikaliuza kwa mtu aliyekuwa akilitaka kwa sababu alipenda kuendesha 504. Yeye alikuwa mtu wa pili hasa, na mpaka leo wanapatana.

Je, lile lile lingekuwa na mtu? Nilipolikuta hatimaye, mwaka wa nne, lilikuwa limepakwa rangi nyingine na viti vimevalishwa upya. Kwa hatua kumi nisingelijua. Nilifungua mlango wa nyuma, na kwenye fremu, pale mlango unapojifunga, rangi yetu ya zamani ilikuwa bado ipo, upana wa vidole viwili, na juu yake mstari wa mikwaruzo ambao dada yangu aliuchora kwa pini safari moja ndefu, akihesabu milima. Milima kumi na mmoja. Nikaigusa mikwaruzo kwa kidole, mmoja mmoja. Harufu ilikuwa ya watu wengine kabisa. Hilo ndilo lile lile linaloweza kukupa: kitu kimoja au viwili vya kweli kabisa, ndani ya gari ambalo limeshaendelea na maisha yake. Kwa mtu wa kwanza hicho ni kingi, kinatosha na kubaki. Kwangu kilitosha kwa siku ile moja.

Kuliacha si kukaa kimya

Watu huihesabu njia ya tatu kuwa ni kushindwa. Nami niliihesabu hivyo mpaka nilipoifanya kwa mikono. Ina kazi yake, na inataka siku kadhaa za kukaa chini.

Tafuta picha zote ambazo gari limeonekana, hata zile ambazo limeonekana bampa tu nyuma ya arusi ya mtu. Tafuta funguo za akiba, kitabu cha maelekezo, risiti. Wakalishe waliopanda, mmoja mmoja, uwarekodi kwa simu wakisimulia safari. Usiulize "gari lilikuwaje", uliza "ulikuwa unakaa wapi, na nani ubavuni mwako". Swali hilo linafungua watu kwa namna ambayo sikuitarajia. Kaka yangu, mtu wa maneno machache, alizungumza dakika arobaini.

Baba alikuwa na daftari la petroli. Kila alipojaza aliandika tarehe, kilomita na lita, kwa mwandiko wake ulioinama. Ukurasa mmoja namba inashuka ghafla kutoka tisini na tisa elfu na kitu hadi mia na kidogo, na pembeni ameandika neno moja: "Upya." Mita ya gari lile ilikuwa na tarakimu tano, ikifika 99,999 inarudi sifuri. Niliikumbuka siku hiyo: alipunguza mwendo, akatuita sote tuinamie mbele, tukazitazama tisa tano zikipanda pamoja polepole na sifuri tano zikijipanga. Nililia juu ya daftari lile kuliko nilivyolia ndani ya gari lolote.

Ungekuwa ndugu yangu

Ukiwa mtu wa kwanza, anza kulitafuta wiki hii. Kama liko hai, bodi ni nzima na mwenyewe yuko tayari, lichukue hata kwa bei inayokuuma, maana hakuna jingine duniani. Kama bodi imeoza vizingiti na fremu, omba mlango, usukani, au kipande chenye alama yenu, na ujiheshimu kwa kuishia hapo.

Ukiwa mtu wa pili, sahau lile lile. Tafuta lililo bora kabisa la aina ile unaloweza kulilipia, bodi kavu kwanza, injini baadaye. Angalia kama watengenezaji bado wanatoa spea. Toyota, kwa mfano, imerudisha baadhi ya spea za Land Cruiser za zamani, na kwa Beetle viwanda vingi huru bado vinatengeneza karibu kila kitu. Endesha, furahi.

Ukiwa mtu wa tatu, kaa na daftari. Kama baada ya mwaka bado unaliota, mtafute mwenye gari, uende kulisalimia. Si lazima ununue.

Na kama bado hujaliuza, na unayasoma haya gari likiwa uani: usiliegeshe tu ukidhani unalihifadhi. Gari lililosimama hufa haraka kuliko linalotembea, na kuliwasha dakika tano kila wiki kunaliongezea maji ndani ya oili na bomba la moshi, kwa sababu injini haipati joto la kutosha kuyakausha. Bora liendeshwe nusu saa kila wiki mbili. Kama hakuna wa kuliendesha, mpe ndugu atakayelitumia, kwa maandishi, pamoja na sharti kwamba akilichoka litarudi kwanza nyumbani. Hata kwa mgeni unaweza kuomba sharti hilo. Halina nguvu kubwa, lakini mtu muungwana hulikumbuka.

Mwenye gari letu ni muungwana. Hakutaka kuuza, nami sikumbana. Watoto wake wanne wanajaza safu zile kama tulivyozijaza sisi. Tuliandikiana kwamba siku akitaka kuliachia nitakuwa wa kwanza kujua, nikampa kitabu cha maelekezo na funguo za akiba, kwa kuwa kwangu hazifungui kitu.

Mwezi uliopita, msimu wa mvua, alinipigia usiku.

"Kaka, samahani kwa saa hizi. Maji yanajaa nyuma, chini ya kiti cha mwisho. Fundi ameshatoa mpira wa mlango wote, ametia mpya, bado yanaingia. Anataka kung'oa kioo."

Nikamwambia asimruhusu. Achukue bisibisi, afungue taa ya nyuma ya kulia, atazame mpira ulio nyuma yake upande wa juu. Baba alikuwa akiubadilisha kila baada ya mvua mbili. Nikamsikia akitoka nje na simu mkononi, mvua ikipiga kwenye bodi, kisha buti likafunguliwa, na ule mlio wa bawaba zake nikausikia sikioni, vilevile.